Kuunda garimoshi dogo la mkonge: hewa, maji, ndipo moto

Watoto wa Ngamiani, hapa Tanga, huniita Bibi Fundi. Nilianza kukereza vyuma nikiwa na miaka 19, nikafanya kazi miaka mingi katika karakana ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, na tangu nistaafu mikono yangu ina kazi moja inayoipenda: kuunda magarimoshi madogo yanayokwenda kwa mvuke wa kweli, si kwa betri. Nimemaliza manne. La tano liko mezani.

Kijana akinijia kutaka kujifunza, swali lake la kwanza huwa dohani inatengenezwaje na rangi ipi inapendeza. Dohani ni kazi ya asubuhi moja, namwambia, nayo haijawahi kumtesa mtu. Anachotakiwa kukiweka kichwani tangu siku ya kwanza ni mitihani mitatu ambayo mpangilio wake haubadiliki: injini izunguke kwa hewa, boila, yaani bomba la kuchemshia maji, lishike maji baridi, ndipo moto uwashwe. Wengi hutamani kuanza na moto kwa sababu ndio unaovutia macho. Lakini maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kama mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na bomba dogo la ukubwa wa kopo la maziwa likipasuka uso wako ukiwa karibu, hakuna dawa ya kurudisha macho. Ndiyo maana nusu ya maelezo yangu yatakuwa juu ya boila.

Kwanza uchague unaunda garimoshi lipi. Mimi naunda lile alilolifanyia kazi baba yangu, garimoshi la mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yalipotanuka, kazi kubwa ikawa kuyafikisha majani korona, kwenye mashine ya kusagia, yakiwa bado mabichi. Jani la mkonge ni zito na halitaki kungoja. Kwa hiyo mashamba yakatandikwa reli nyembamba, upana wa milimita 600, na vichwa vidogo vya mvuke vikavuta mabehewa ya majani. Kile alichokichochea baba kilikuwa na bamba la Orenstein & Koppel, kampuni iliyoanzishwa Berlin mwaka 1876. Alikilisha kuni tangu saa kumi alfajiri, na akirudi nyumbani nguo zake zilinuka moshi na mafuta ya mvuke. Harufu ile ndiyo inayonirudisha mezani kila siku.

Reli ya bustanini inayotumika sana duniani ina upana wa milimita 45. Gawanya 600 kwa 45 unapata 13.3, basi kila kipimo cha kichwa halisi unakigawanya kwa 13.3. Nilikwenda na utepe kupima kichwa kimoja kilichokuwa kinaoza kwenye nyasi. Gurudumu lilikuwa na kipenyo cha milimita 600, kwa hiyo langu likawa 45. Boila pamoja na koti lake la bati lilikuwa 720, langu likawa 54, na hicho hasa ndicho kipimo cha bomba la shaba linalouzwa kwa mafundi bomba. Nilifurahi siku ile kama niliyeokota pete.

Ukipenda treni ya Reli ya Kati au ya kutoka Tanga kwenda Moshi, ambazo reli zake ni za mita moja, tumia reli hiyohiyo ya milimita 45 na ugawanye kwa takribani 22. Ila nakuomba, usianze na zile Garratt za daraja la 59 zilizoundwa Manchester. Mojawapo, iitwayo Mount Gelai, imo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, na kila aliyeiona hurudi akitaka kuiunda. Ile ya kweli ina uzito wa tani 252, injini mbili chini ya boila moja na magurudumu 16 ya kusukuma. Kichwa cha mkonge kina magurudumu manne na silinda mbili. Jifunze kwa hicho.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Unahitaji mashine ndogo ya kukereza, hata ya mezani, keekee ya kusimama, jiliwa imara, msumeno wa chuma, tupa za aina tatu au nne, venia ya kupimia, na tochi kubwa ya gesi, maana ile ndogo ya sonara haitapasha boila zima. Mashine ya kukereza ndiyo gharama kubwa. Kijana asiyekuwa nayo namshauri azoeane na fundi mwenye karakana, amsaidie kufagia na kunoa, kisha aombe saa mbili za Jumapili. Vyuma vinapatikana kwenye skrepa. Nikienda Dar napita Gerezani na sumaku mfukoni: isiposhika, nageuza kipande, nakikwaruza kwa tupa na kuangalia rangi. Nyekundu ni shaba, ya njano ni brasi, na ile ya njano inayoelekea wekundu mara nyingi ni bronzi ya bushi kuukuu. Bushi kubwa za pampu za meli ni hazina. Zinunue hata kama huna kazi nazo leo.

Fremu

Fremu ni mabamba mawili ya chuma, unene milimita 2, yanayosimama ubavu kwa ubavu na kubeba kila kitu. Usiyakate moja moja. Yabane pamoja, toboa matundu mawili ya ribiti kwenye pembe zitakazokatwa baadaye, yafunge, kisha chora kwenye bamba la juu tu. Kata, piga tupa na toboa yote mawili kwa pamoja. Ukiyatenganisha yatakuwa mapacha, na ekseli itapita upande huu na upande ule bila kupinda. Ukitoboa kila bamba peke yake, tofauti ya nusu milimita inatosha kulifanya garimoshi litembee upande kama kaa.

Kabla hujayatenganisha, kuna jambo lingine la kufanya. Matundu ya ekseli uliyokwisha kutoboa yatumie kama kiongozi cha kutobolea fimbo za kuunganishia magurudumu. Weka kipande cha fimbo juu ya fremu, pitisha keekee katika tundu la kwanza, tia pini, kisha toboa la pili. Sasa umbali kati ya matundu ya fimbo ni uleule wa kati ya ekseli, na hukulazimika kupima chochote. Nilipokuwa sijui njia hii nilimaliza wiki nzima nikipanua matundu ya fimbo kidogo kidogo, na bado magurudumu yalikuwa yakikwama kila mzunguko.

Magurudumu kereza kwa chuma cha duara au, ukipata, chuma cha kusubu. Sehemu inayokanyaga reli ipe mteremko wa digrii 3, upande wa ndani ukiwa mnene zaidi, na kona inayokutana na ukingo iache na mviringo mdogo, isiwe kali. Mteremko huo ndio unaolirudisha garimoshi katikati ya reli lenyewe. Kati ya mgongo wa gurudumu moja na mgongo wa mwenzake acha milimita 40.

Sehemu inayowachanganya wengi ni kuzipanga pini za krenki, zile za kwenye gurudumu zinazoshika fimbo. Pini ya kulia na ya kushoto kwenye ekseli moja hazitazami upande mmoja: moja ikiwa juu kabisa, nyingine iwe mbele au nyuma kabisa, yaani robo ya mzunguko. Ndivyo injini inavyoweza kuanza mahali popote iliposimama, kwa sababu silinda moja ikiwa mwisho wa mwendo, nyingine iko katikati na ina nguvu. Ipi itangulie haina neno. Lenye neno ni ekseli zote mbili ziwe sawasawa kabisa. Mimi nina kifaa nilichokichonga kwa chuma cha pembe: mfereji wa kulaza ekseli, na vituo viwili vya kuegemea pini, kimoja wima na kimoja mlalo. Napaka gundi ya kushikilia beringi, ile inayouzwa madukani kwa wauza beringi, nasukuma gurudumu, naegemeza pini kwenye vituo, naiacha mpaka kesho yake. Ekseli ya pili inapita kwenye kifaa hichohicho. Hata kama kifaa kina kosa kidogo, kosa litakuwa moja kwa zote mbili, na fimbo zitazunguka.

Ukimaliza, weka fremu juu ya kioo cha dirisha. Magurudumu manne yote yaguse. Inua kioo upande mmoja kwa unene wa kidole. Gari liteleze lenyewe bila kusukumwa. Lisipoteleza, usiendelee.

Silinda na mtihani wa hewa

Kwa garimoshi la kwanza tumia silinda zinazoyumba. Silinda imeshikwa kwa pini moja katikati na inacheza huku na huku ikifuata krenki. Kule kucheza kwenyewe ndiko kunakofungua na kufunga njia za mvuke, kwa hiyo huhitaji vali wala vijiti vya kuiendesha. Kichwa halisi cha Orenstein & Koppel hakikuwa hivyo, nami garimoshi langu la tatu na la nne yana vali za kuteleza kama yanavyotakiwa. Lakini silinda inayoyumba itakufundisha mvuke unavyofanya kazi, na ikikosewa inatengenezeka kwa siku moja.

Vipimo vyangu ni hivi. Kipenyo cha pistoni milimita 12, mwendo wake 18, kwa hiyo pini ya krenki iko milimita 9 kutoka katikati ya gurudumu. Kutoka pini ya silinda mpaka katikati ya ekseli ni milimita 60. Silinda ina tundu la mvuke kila mwisho, milimita 14 kutoka pini. Sasa hesabu: 9 gawanya kwa 60, zidisha kwa 14, unapata 2.1. Hizo milimita 2.1 ndizo umbali ambao tundu la silinda linasogea kila upande, na hapo ndipo unapotoboa, kwa kila tundu la silinda, matundu mawili ya kwenye ukuta wa fremu, moja la mvuke unaoingia na moja la unaotoka. Keekee isizidi kipimo hicho. Mimi natumia ya 1.9. Ukitoboa kwa 2.5 ukidhani unaupa mvuke nafasi, silinda ikisimama katikati itagusa njia zote mbili kwa wakati mmoja na mvuke utapita moja kwa moja mpaka kwenye dohani bila kufanya kazi yoyote.

Uso wa silinda na uso wa ukuta unaogusana nao lazima viwe bapa kabisa. Tandaza karatasi ya msasa laini juu ya kioo, sugua ukichora namba nane, mpaka alama za mashine zifutike zote na rangi iwe moja. Mwisho tumia dawa ya kung'arishia brasi, kisha osha kila tone lake. Ikibaki kwenye tundu itaendelea kusaga siku zote.

Hewa sasa. Naazima upepo kwa fundi wa pancha jirani yangu, au natumia pampu ya baiskeli na mjukuu wangu anapiga. Fremu inakaa juu ya vitalu, magurudumu hewani, mafuta kila mahali panapozunguka. Funga geji ya shinikizo na uanze na pauni 5 kwa inchi ya mraba. Garimoshi zuri huzunguka hapo hapo. Likihitaji 20 kuna mahali linabana: legeza fimbo upande mmoja ujaribu, kisha upande wa pili, utampata mkosaji. Sikiliza pia. Silinda mbili zinazosukuma kwenda na kurudi hutoa pumzi nne kila mzunguko, na pumzi hizo zilingane kama hatua za askari wa gwaride. Pumzi moja ikiwa dhaifu, tundu lake limekosea mahali. Likishazunguka vizuri liache saa mbili liendelee ukiliongezea mafuta, vyuma vizoeane.

Boila

Kata bomba la shaba la milimita 54, unene wa ukuta 1.2, urefu 110. Mabamba mawili ya mwisho yanatoka kwenye shaba ya milimita 2. Hayawekwi bapa kama kifuniko cha sufuria, bali yanakunjwa ukingo kama sahani ili yapate eneo la kulehemiwa. Kwa kazi hiyo unahitaji kalibu ya duara ya kugongea. Watu hutumia chuma. Mimi nimekereza yangu kwa kipande cha mpingo, na imegonga mabamba kumi bila kuumia. Pasha shaba mpaka iwe nyekundu iliyofifia, izamishe majini, na itakuwa laini kama ngozi. Shaba si feleji. Kuizamisha hakuifanyi iwe ngumu. Kinachoifanya ngumu ni nyundo. Gonga kidogo kuzunguka ukingo wote, na ukisikia mlio umebadilika kuwa wa juu, simama, pasha tena. Mimi hupasha mara tano au sita kwa bamba moja. Anayelazimisha apate kwa mara mbili hupata ufa.

Chini ya bomba kuna vibomba viwili vya milimita 8 vinavyopita katikati ya moto, ncha moja ikiwa chini kuliko nyingine kwa milimita 5 ili maji yazunguke yenyewe. Kutoka bamba la mbele mpaka la nyuma pitisha fimbo ya bronzi ya milimita 5. Kazi yake utaielewa kwa hesabu: kwenye shinikizo la pauni 40, ambalo ndilo ninalotumia, kila bamba la mwisho linasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 59. Huo ni uzito wa mtu mzima anayesukuma usiku na mchana kutoka ndani. Fimbo inayashika mabamba yasitanuke.

Mahali pa kufungia vali ya usalama, geji na bomba la mvuke weka bushi za bronzi, usiweke za brasi. Brasi ina zinki, na maji ya moto hunyonya zinki kidogo kidogo mpaka kinabaki kitu chekundu chenye vitundu kama mkate. Kwa macho kinaonekana kizima, ila kwenye jiliwa hupondeka.

Viungo vyote vya boila ni vya lehemu ya fedha, yenye fedha asilimia 55. Inayeyuka kati ya digrii 630 na 660. Usitumie risasi ya kulehemia redio hata kwenye kiungo kimoja. Hiyo huyeyuka kwenye digrii 183 hivi, na mvuke wa pauni 40 una digrii 141. Tofauti ni ndogo mno, na siku maji yakiisha kabla ya moto, hakuna kitakachokishika kiungo. Tahadhari pia na vijiti vinavyotumiwa na mafundi friji. Vingi vina fedha asilimia 2 au 5 na fosforasi. Ni vizuri kwa kazi yao, lakini vikigusa chuma kiungo huvunjika kama kigae, na lehemu haitiririki kwenye upenyo mwembamba. Ukinunua, uliza kama ina kadmiamu. Ikiwa nayo iache dukani, moshi wake ni sumu ya mapafu.

Mimi niliwahi kuuziwa vijiti vilivyoandikwa 55 ambavyo havikuwa na fedha ya kutosha. Nilipasha mpaka shaba ikakaribia kuyeyuka, na lehemu ikakaa vidonge vidonge. Boila lile nililikata vipande, kazi ya miezi miwili, na iliniuma. Tangu hapo, kijiti kipya nakijaribu kwanza kwenye vipande viwili vya shaba chakavu. Ni kazi ya dakika tano.

Siri ya kulehemu ni usafi na joto la kutosha. Sugua, paka dawa ya boraksi iliyokorogwa kama uji, panga matofali ya kuchomea kuzunguka boila kama jiko ili joto lisikimbie, na pasha boila zima, si kiungo peke yake. Dawa ikiyeyuka na kuwa kama kioo, gusa kwa kijiti. Lehemu ikimbilie joto yenyewe, izunguke kiungo kama maji kwenye mchanga. Ukilazimika kuipaka, bado hujapasha vya kutosha. Likipoa, lizamishe kwenye maji ya asidi ya limau, ile ya unga. Ukikosa, ukwaju uliokolezwa unafanya kazi, ingawa unachukua usiku mzima. Mama zetu walisafishia vyombo vya shaba kwa ukwaju na limau kabla mimi sijazaliwa, na shaba ya boila haina tofauti na ya sinia. Suuza, kagua kila kiungo kwa kioo cha kukuzia, tafuta mstari wa fedha usiokatika.

Mtihani wa maji

Jaza boila maji baridi mpaka juu kabisa. Lizungushe, ligonge kwa kidole, utoe kila povu. Hewa ikibaki ndani ni kama springi iliyokazwa. Maji hayabanwi, kwa hiyo kiungo kikishindwa kitatokwa na jasho au mchirizi, basi. Unganisha pampu ndogo ya mkono na geji uliyoilinganisha na geji nyingine. Ya fundi wa pancha inafaa. Panda kwa pauni 10, simama dakika mbili, ukague, panda tena. Lengo ni mara mbili ya shinikizo la kazi, kwa hiyo kwangu ni pauni 80. Likae hapo dakika 20 bila mshale kushuka na bila bamba kutanuka. Pima upana wa mabamba kwa venia kabla na baada.

Boila langu la kwanza lilivuja kwenye pauni 60. Uzi wa maji, mwembamba kuliko sindano, ulitoka kwenye bushi ya vali ya usalama ukagonga ukuta upande wa pili wa chumba. Nilikaa kitini nikiutazama mpaka pampu ikaisha nguvu. Ungekuwa mvuke ungepita usawa wa shingo yangu. Nilirudia kiungo kile, nikapima tena kuanzia sifuri, na boila hilo linafanya kazi mpaka leo. Kila mwaka nalipima upya, safari hii kwa mara moja na nusu tu, pauni 60, na naandika tarehe kwenye daftari. Ukinunua au kupewa boila la mtu mwingine, fanya hivyo hivyo hata kama mwenyewe anakuapia.

Moto

Natumia spiriti. Taa yangu ni kijitangi cha brasi chenye mirija mitatu, na ndani ya mirija nimetia tambi za pamba za jiko la mafuta ya taa, zimelegea, zisibanwe. Usawa wa spiriti kwenye tangi uwe chini kuliko ncha za tambi; ukiwa juu, spiriti itamwagika na reli yako itawaka. Na kumbuka kwamba moto wa spiriti hauonekani juani. Mchana wa Tanga unaweza kudhani umezima, ukaingiza mkono. Mimi hupitisha kijiti kikavu kwanza. Ndoo ya maji iwe karibu, maana spiriti huchanganyika na maji na kuzimika.

Maji ya boila ni ya mvua. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yanaacha ukoko mweupe ambao huwezi kuufikia ndani. Napima mililita 160 kwa bomba la sindano, na spiriti mililita 25. Vipimo hivi vina sababu moja: moto ufe kabla ya maji. Mara ya kwanza jaribu kwako mwenyewe, moto ukizima na boila likipoa mwaga maji yaliyobaki na uyapime. Kwangu hubaki karibu 90. Yakibaki chini ya theluthi, punguza spiriti.

Kabla garimoshi halijakanyaga reli, fanya jaribio la mwisho likiwa limesimama: njia ya mvuke imefungwa, moto wote umewaka, wewe umesimama hatua tatu nyuma. Vali ya usalama ifunguke kwenye pauni 40 na iweze kutoa mvuke wote. Mshale usipite 44 hata moto ukiwa mkali kiasi gani. Ukipita, zima, panua njia ya vali, rudia.

Ndani ya bomba la mvuke kuna kikopo cha mafuta. Mvuke kidogo unaingia humo, unakuwa maji, unazama chini, na mafuta yanapanda na kwenda kwenye silinda. Weka mafuta mazito ya mvuke yenyewe. Ya giaboksi ya gari usiyatie, mengi yana dawa zinazokula bronzi.

Uani kwangu nimetandika duara la reli lenye mzunguko wa mita 12. Asubuhi ya kwanza mzunguko wa kwanza wote utakuwa maji: mvuke unagusa silinda baridi, unageuka matone, na dohani inatema. Lisukume kwa kidole taratibu mpaka lijisafishe. Kisha utasikia pumzi nne, kavu, na litakutoka mkononi. Langu huenda dakika kumi hivi kwa taa moja. Likivuta vibehewa vitatu vya majani ya mkonge niliyoyakata kwa mkasi, watoto hukaa juu ya ukuta wote, hakuna anayesema neno mpaka lisimame.

Likizima, lingoje geji irudi sifuri, kisha fungua kizibo likiwa bado na uvuguvugu ili joto lililobaki likaushe ndani. Futa mafuta yaliyoruka, tia tone moja kwenye kila pini, sukuma magurudumu mizunguko michache. Kizibo usikirudishe. Nakifunga kwa uzi kwenye dohani, kining'inie hapo, ili nitakapolishika tena nijue kwamba boila ni kavu na sijalijaza.